Kutoka majaruba ya Ubaruku hadi mchanga wa Msembe

Mwezi Oktoba malori yaendayo Zambia na Kongo huvuka daraja la Igawa alfajiri, taa zikiwa bado zinawaka. Chini ya daraja unapita mto Mbarali. Umepungua, mawe yametokeza migongo, lakini maji yapo: maangavu, ya baridi, yenye kasi, yanayoshuka kutoka milima ya Kipengere. Wanawake wanachota. Kijana anaosha bodaboda. Msafiri aliyekusudia kulala Msembe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hana budi kusimama hapa kidogo kabla ya kuiacha lami, kwa sababu maji haya na yeye wana safari moja. Mbarali unaingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu unapita mbele ya kambi za Msembe.

Gari litafika jioni. Maji hayatafika.

Njia ya gari ni ndefu kuliko ya mto. Ruaha Mkuu unakusanya mito yote ya Usangu, yaani Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na vijito vya msimu, unaingia kwenye ardhioevu ya Ihefu, kisha unatokea upande wa pili na kuelekea kaskazini hadi hifadhini. Gari haliwezi kupita Ihefu. Linazunguka mashariki: Rujewa, Madibira, Mafinga, Iringa, Idodi, Msembe. Ni zaidi ya kilomita 350, sehemu kubwa yake vumbi. Anayetoka Igawa saa kumi na mbili asubuhi na asiyepata pancha atavuka daraja la hifadhi jua likiwa limeanza kulala. Ni safari ambayo kila mtu anayependa kutoa maoni kuhusu mto huu angepaswa kuifanya walau mara moja, na aifanye kiangazi, kwa sababu masika mto unadanganya.

Rujewa, makao makuu ya wilaya ya Mbarali, iko pembeni kidogo mwa barabara kuu. Ukiipita na kuingia Ubaruku nchi inabadilika. Inaanza mifereji. Pande zote ni majaruba yaliyogawanywa kwa matuta membamba, ambayo mwenyeji hupita juu yake na mzigo kichwani bila kuteleza. Oktoba majaruba mengi yamebaki na mabua ya mavuno yaliyopita, ng'ombe wanayasafisha, na nyuma ya mashine za kukoboa kuna vilima vya pumba vinavyofuka moshi siku nzima. Hapa na pale, katikati ya ukavu huo, panatokea kiraka cha kijani kibichi mno. Hivyo ni vitalu vya miche. Vinaonekana vidogo, na msafiri asiyejua kilimo anaweza kuvipita bila kuviangalia mara ya pili. Avitie akilini, maana habari yote ya mto imefichwa humo.

Kilimo cha mpunga wa kumwagilia hakikuletwa Usangu na serikali. Walioanza ni Wabaluchi, watu ambao mababu zao wengi walikuja Afrika Mashariki wakiwa askari wa masultani wa Omani, kisha baadhi ya familia zikasogea bara na kufika Rujewa kabla ya uhuru. Walichimba mifereji midogo, wakaonyesha kwamba tope la Usangu linazaa mpunga, na Wasangu wakachukua kazi hiyo wakaifanya yao. Wakafuata Wabena, Wanyakyusa, Wahehe, Wakinga, Wasukuma. Miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa China, ikajenga shamba la Mbarali lenye zaidi ya hekta 3,000 chini ya shirika la umma la NAFCO. Kapunga likafuata kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mashamba hayo mawili makubwa yakabinafsishwa miaka ya 2000. Leo, mwaka wa mvua nzuri, mpunga wa Usangu unafunika zaidi ya hekta 40,000. Mwaka mbaya unashuka hadi nusu ya hizo. Makumi ya maelfu ya familia wanakula, wanasomesha na kujenga nyumba za bati kwa mpunga huo, na sehemu kubwa ya mchele uitwao wa Mbeya katika masoko ya Dar es Salaam umetoka kwenye tope hili.

Kwa hiyo yeyote anayesema kilimo cha Usangu kifutwe ili mto upone hajui anachokiombea.

Lakini mto unaumwa kweli. Mwishoni mwa mwaka 1993, muda mfupi baada ya Kapunga kukamilika, Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya hifadhi kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za watu. Tangu hapo imekuwa kawaida ya karibu kila kiangazi: wiki chache mwanzoni, kisha miezi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza ahadi ya taifa, akiwa London, kwamba ifikapo 2010 mto utakuwa unatiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika na kupita, na mchanga ukabaki mchanga.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kusimama kwenye banio.

Banio la zamani la Usangu lilikuwa kazi ya mikono. Wakulima walikata miti, wakaipigilia mtoni, wakaziba kwa mawe, majani na udongo, baadaye kwa viroba vya mchanga. Lilivuja kila upande. Mafuriko ya masika yalilibomoa, na wakulima walilijenga tena kwa msaragambo. Ilikuwa kazi ya kuchosha, ndiyo maana wataalamu wakaliona kuwa ni la kizamani. Mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1996, pamoja na mingine kabla na baada yake, ukaleta mabanio ya zege: ukuta uliokatiza mto kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, mlango wa chuma, na gurudumu la kuzungusha ili mlango upande au ushuke. Yaliitwa mabanio bora, nayo kwa masika ni bora kweli, kwa sababu hayabomoki na maji yanaweza kupimwa.

Kiangazi yana tabia nyingine. Lile banio la miti lilikuwa likivuja, na uvujaji huo ndio uliokuwa ukiufikia mto chini. La zege halivuji. Mto ukipungua, ukuta unainua maji yote yaliyobaki na kuyaelekeza mlangoni, na mlango ukiwa wazi yanaingia mferejini mpaka tone la mwisho. Watafiti waliofanya kazi Usangu kati ya mwaka 1998 na 2006 waliliandika jambo hili waziwazi: uboreshaji uliokusudiwa kuokoa maji ulimpa wa juu uwezo wa kuchukua yote. Ni ugunduzi ambao ungetakiwa kubadilisha sera. Kwa sehemu kubwa umebaki kwenye ripoti.

Msafiri akisimama kwenye banio mojawapo mchana wa Oktoba ataona kwa macho. Juu ya ukuta kuna bwawa dogo tulivu, watoto wanaogelea. Chini ya ukuta mto ni mawe makavu yenye ukoko mweupe, na vidimbwi viwili vitatu vya kijani ambamo vyura wanalia. Gurudumu la mlango limeshika kutu. Ni dhahiri halijazungushwa tangu masika. Maji yanakwenda mferejini kwa kishindo kizuri, mazuri kuyasikia. Ukiyafuata, baada ya kilomita moja utakuta mama anafua, pembeni yake msichana anajaza madumu ya njano na kuyapanga kwenye toroli. Mbele kuna tanuru la tofali. Mbele zaidi mfereji umepasuka ukingo, maji yanamwagika kwenye bonde la magugu yaliyostawi mpaka kiunoni, ambayo hayaliwi na mtu wala ng'ombe. Kisha, mwishoni kabisa, vile vitalu.

Hapo ndipo hoja inapojitokeza. Mto huu haukaushwi na mpunga wa masika. Kuanzia Januari hadi Aprili maji ni mengi kuliko majaruba yanavyoweza kunywa, na mto unapita hifadhini ukiwa umejaa. Unakaushwa na kile kinachochukuliwa kati ya Julai na Desemba, wakati shambani hakuna mpunga wa kutosha kujibu kwa nini maji yako huko.

Kila anayechukua ana sababu, na nyingine ni sababu za msingi kabisa. Kwa vijiji vingi mfereji ndio bomba. Ukifunga mlango wa banio Agosti umewafungia watu maji ya kunywa, na hakuna mwenyekiti wa kijiji mwenye akili timamu atakayekubali. Wengine wana bustani za vitunguu na nyanya. Na wenye vitalu wanalifuata soko: anayeotesha mapema anavuna mapema, anauza kabla soko halijafurika, na tofauti ya bei kati ya mpunga wa kwanza na ule wa Juni unaorundikana barabarani inaweza kuamua kama mtoto atakwenda shule ya bweni. Mkulima huyo si mhalifu. Anafanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya akiwa na mlango ulio wazi na jirani ambaye, akijizuia yeye, atayachukua maji hayo hayo.

Kosa liko kwenye mpangilio. Kibali cha kutumia maji kilikuwa kikitaja kiasi fulani cha lita kwa sekunde, kana kwamba mto ni uleule Machi na Oktoba. Mto wa Oktoba ni mto mwingine. Unahitaji sheria yake, zamu zake na mtu wa kuzungusha lile gurudumu.

Barabara ya kwenda Madibira inayumba katikati ya vichaka na mashamba ya alizeti na mahindi yaliyokwisha vunwa. Miaka mingi imeahidiwa lami. Kushoto, mbali, ambako hewa inacheza kwa joto, ndiko iliko Ihefu. Haionekani kutoka barabarani, lakini hapa ndipo pa kuisema, kwa sababu ndiyo moyo wa jambo.

Ihefu ni kama beseni kubwa lenye mdomo mmoja. Mdomo huo ni mwamba wa Ng'iriama, upande wa kaskazini. Mito inaingia, beseni linajaa, maji yanapanda hadi usawa wa mwamba kisha yanamwagika kwenda hifadhini. Yakishuka chini ya mwamba, hata kwa unene wa kiganja, hakuna kinachotoka. Jua la Usangu nalo linakausha bila huruma. Watafiti walipiga hesabu kwamba ili Ng'iriama itoe nusu mita ya ujazo kwa sekunde kiangazi, kiasi kidogo tu cha kuuweka mto hai, Ihefu inahitaji kuingiziwa takribani mita za ujazo saba kwa sekunde, kama mara mbili ya zilizokuwa zikiingia wakati huo. Nyingine zote zinakwenda angani na kwenye nyasi.

Hesabu hiyo inatisha na lazima isemwe kama ilivyo. Kufunga banio moja au mawili hakutoshi. Lakini pia inaeleza kwa nini kuwafukuza watu Ihefu peke yake hakukuurudisha mto. Mwaka 2006, nchi ikiwa gizani kwa mgawo wa umeme, wafugaji walilaumiwa kwa kuukausha mto unaojaza mabwawa ya umeme. Wakaondolewa Usangu na ng'ombe wao kwa malaki, wakapelekwa Lindi na Pwani. Mifugo mingi ilikufa njiani na familia zikafilisika kwa faini. Mwaka 2008 pori la akiba la Usangu likaunganishwa na hifadhi, na Ruaha ikawa na kilomita za mraba zaidi ya 20,000, kubwa kuliko hifadhi zote za taifa nchini mpaka Nyerere ilipotangazwa mwaka 2019. Vijiji vya Mbarali vikajikuta ndani ya mpaka mpya, na mgogoro huo umeendelea hadi juzi. Benki ya Dunia ilikuwa imeidhinisha dola milioni 150 mwaka 2017 kwa mradi wa REGROW, uliogusa hifadhi hii na maji ya Usangu. Baada ya malalamiko ya wananchi ilisitisha malipo Aprili 2024, na kabla mwaka haujaisha mradi ukafutwa.

Ng'ombe wengi kupita kiasi huharibu ardhioevu, na hakuna haja ya kubishana na hilo. Ila miaka yote hiyo tangu 2006 mto umeendelea kukauka, na jambo hilo linapaswa kuwakosesha usingizi waliodhani wameshamkamata mchawi. Beseni halijai kwa kumfukuza aliyesimama pembeni yake wakati bomba limefungwa huko juu.

Hata lawama ya umeme ilikuwa na dosari. Bwawa la umeme la Mtera, lililo chini zaidi kwenye Ruaha Mkuu na lililokamilika mwaka 1980, hujazwa na maji ya masika, na maji ya kiangazi kutoka Usangu ni sehemu ndogo sana ya yale ya mwaka mzima. Watafiti waliochunguza mgawo wa miaka ya 1990 waliona kasoro pia katika namna maji yalivyokuwa yakiachiliwa kutoka Mtera kwenda bwawa la umeme la Kidatu. Mto huu unahitaji kutetewa kwa sababu zake wenyewe, na zinatosha.

Madibira inampa msafiri pumzi. Ni skimu ya wakulima wadogo, kama hekta 3,000, iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikichota kutoka mto Ndembera, na wakulima wenyewe wameiendesha kupitia ushirika wao wa MAMCOS. Mifereji imenyooka kama imepigwa kamba. Maghala yapo. Pawatila zimepangwa kivulini zikingoja msimu. Mji una hoteli za wali na samaki ambako sahani hujaa mpaka pembeni, kwa watu ambao mchele si kitu cha kubania.

Maghala hayo yanastahili kuangaliwa kwa makini kuliko mifereji. Kama kinachomsukuma mkulima kuotesha Septemba na Oktoba ni bei, basi dawa moja ya mto iko ghalani. Mkulima anayeweza kuweka magunia yake ya Juni mahali salama, akapata mkopo kwa stakabadhi ya ghala, na kuuza Februari au Machi bei ikiwa juu, ameipata ile faida ya mpunga wa mapema bila kugusa maji ya kiangazi. Wizara mbili zinazokaa majengo tofauti, ya maji na ya kilimo, zingepaswa kuliona ghala hilo kama sehemu ya mto. Sambamba nalo kuna kilimo shadidi, ambacho Mbarali wanakijua: mche mmoja mmoja, nafasi pana, jaruba linaloloweshwa na kuachwa likauke badala ya kufurikishwa muda wote. Kinapunguza maji na mara nyingi mavuno hayapungui. Ugumu wake ni palizi, kwa sababu maji yaliyotuama ndiyo yaliyokuwa yakiua magugu, na palizi mara nyingi huwaangukia wanawake. Atakayekihubiri aje na mashine ya kupalilia mkononi.

Kuna pia bwawa la Lugoda, juu kwenye Ndembera, lililokaa kwenye makabrasha kwa miaka mingi. Wazo lake ni kuzuia maji ya masika na kuyaachilia kiangazi. Ndembera unaingia Ihefu upande ulio karibu na mdomo wa Ng'iriama, kwa hiyo maji yake yana njia fupi na yanapotea kidogo. Bwawa ni ghali, nalo linaweza kuhamisha watu. Likijengwa bila sheria ya mabanio, wa juu watalinywa kama wanavyoinywa mito.

Kinachowezekana kabla ya bwawa lolote ni cha bei ndogo zaidi. Kila kijiji kinachokunywa mfereji kichimbiwe kisima kirefu au kiletewe bomba, kwanza, kabla ya mtu yeyote kutaja kufunga mlango. Hilo likishafanyika, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa, ikae na jumuiya za watumia maji na kuandika kalenda ya kila mto: mlango unafungwa lini, unafunguliwa lini, nani anashika ufunguo, na kiasi gani lazima kipite chini ya ukuta hata wa juu alie vipi. Mashamba makubwa yawe ya kwanza, hadharani, kwa sababu mkulima wa robo heka hatafunga mfereji wake akiona mfereji mkuu wa jirani unatiririka usiku kucha. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kikosi kazi cha kuuokoa mto huu. Leo ni Rais. Nguvu ya kuamuru gurudumu lizungushwe iko mkononi mwake.

Kutoka Madibira gari linapanda. Joto linapungua, inaanza misitu ya misonobari, malori ya mbao, na kando ya vijito mabondeni vile vibustani vya kiangazi wanavyoviita vinyungu, ambavyo navyo vinakunywa sehemu yao kabla Usangu haijaamka. Mafinga ni chai na chapati. Kisha lami, kilomita 80, na Iringa juu ya mwamba wake.

Barabara ya hifadhi inatokea mjini kuelekea magharibi na kupita Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyoangushwa na Wajerumani Oktoba 1894. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 na liko pale kwenye jumba la kumbukumbu. Ruaha Mdogo unapita kando, nao umezungukwa na bustani za nyanya na vitunguu. Zaidi ya kilomita 100 zinabaki, nyingi kavu: miiba, mibuyu iliyopauka, mbuzi wanaotafuta kivuli. Idodi na Tungamalenga kuna mpunga tena, majaruba machache yanayotegemea vijito vinavyoshuka kutoka kwenye safu ya milima. Watoto wanapunga mkono. Halafu nyumba zinakwisha, ndorobo wanaanza kugonga vioo, na baada ya kona ya mwisho linatokea daraja la Ibuguziwa.

Hapa magari husimama bila kuambiwa. Jina Ruaha limetokana na neno la Kihehe, ruvaha, maana yake mto. Msafiri anashika chuma cha daraja na kutazama chini. Mchanga wa rangi ya kahawia hafifu, mpana kama barabara sita, umepinda na kupotelea nyuma ya miti. Juu yake nyayo za tembo zimevuka kutoka ukingo hadi ukingo, kila moja kubwa kama sinia. Upande mmoja, chini ya mwamba, kimebaki kidimbwi, na ndani yake viboko wamebanana kiasi kwamba mmoja akigeuka wote wanageuka. Maji yamekuwa uji wa kinyesi. Kambare wanatoa midomo juu kuvuta hewa. Korongo wamesimama kwa mstari, hawana haraka, kila kitu kitawafikia.

Askari wa hifadhi huwapa wageni nafasi ya kupiga picha. Wengi hupiga wakidhani hivyo ndivyo Afrika ilivyo kiangazi.

Kambi za Msembe zimepangwa ukingoni chini ya migunga, kila moja ikiutazama mto. Jua likishazama, baridi inapanda haraka kutoka kwenye mchanga. Mara tembo watatu, jike na watoto wawili, wanateremka bila sauti. Yule jike anapiga teke mchanga kwa kidole cha mguu wa mbele, taratibu, kisha anachota kwa mkonga na kutupa pembeni. Anaendelea robo saa. Shimo likifikia kina cha mkonga wake anasimama na kungoja. Maji yanajikusanya chini, kidogo, yenye tope. Anayanyonya na kuyatema nje mara mbili mpaka yaje masafi, ndipo anakunywa. Mtoto mkubwa anamsukuma. Mdogo, ambaye mkonga wake haufiki chini, anapiga magoti, anajaribu, anainuka, anajaribu tena.

Mvua ya kwanza ya Kipengere hunyesha Novemba. Pale Igawa mto Mbarali utavimba ndani ya siku moja, na malori yatauvuka kama kawaida. Ihefu itakunywa kwanza: tope litalainika, nyasi zitainuka, usawa utapanda kuelekea mwamba wa Ng'iriama. Ukipita hapo maji yatakuta mchanga mkavu wa hifadhi, ambao nao una kiu yake. Miaka mingine hufika Msembe Desemba, mingine Januari imeshaanza. Wakati huo huko Ubaruku miche imekwisha toka vitaluni, na wanawake wameinama mistari kwa mistari kwenye majaruba yaliyojaa, wakiipanda.